Kwa mliokwama kwenye maswali ya usaili

Assalaam alaikum na hamjambo, ndugu zangu.

Nimesoma jumbe za wiki hii na nimeona kwamba baadhi yenu mmekata tamaa kwa kuwa maswali ya kiwango cha kati ya LeetCode, tovuti ya mazoezi ya usaili wa kazi za kuandika programu za kompyuta, yamewagomea. Tuache kwanza kuhesabu maswali tuliyomaliza, kwani hesabu hiyo hutuvunja moyo bila kutufundisha lolote. Chukueni swali la kutafuta namba mbili ambazo jumla yake imetolewa: ukilinganisha kila jozi katika orodha ya namba 10,000, huenda ukapitia jozi 49,995,000, lakini ukihifadhi kila namba unayoipita katika jedwali la hashi (hifadhi inayokuwezesha kutafuta kitu papo hapo bila kupitia vyote), na kuangalia kama mwenzake wa kutimiza jumla hiyo ameshaonekana, utaipitia orodha mara moja tu. Ukikwama kwa nusu saa, soma jibu, lifunge, uliandike upya bila kuchungulia, kisha ulirudie baada ya siku chache. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wetu huiruka.

Jumamosi saa nne asubuhi tutakutana Tononoka, Mombasa, ambapo kila mmoja atalieleza swali moja kwa sauti kabla ya kugusa kibodi. Wanaovuka feri ya Likoni watoke mapema.