Malalamiko kuhusu sura ya tisa ya kitabu chenu cha Kiingereza

Nsambya, Kampala
3 Machi 2025

Kwa Meneja wa Mauzo

Bwana au Bibi Meneja,

YAH: KITABU CHA MAZOEZI YA KIINGEREZA CHENYE MAELEZO YA KISWAHILI

Mwezi Januari nilinunua kwenu nakala 24 za kitabu kilichotajwa hapo juu, kila moja shilingi 25,000, jumla shilingi 600,000. Nililipa kwa simu na ujumbe wa malipo ninao. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Nsambya, katika chumba cha kupanga. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongo waliotoka Bukavu na Uvira, wachache ni Wanubi wa Bombo na watu wa mpakani Busia, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Kitabu cha Kiingereza kinachofafanua mambo kwa Kiswahili ndicho tulichokuwa tukikililia. Kwa hiyo sikusita kutoa pesa.

Sura nane za mwanzo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu uko sura ya tisa, pale vivumishi vinapokutana na vielezi, kisha na vitenzi vya "to".

Ukurasa wa 61 mmeandika kwamba "very" na "too" zote ni "sana". Mwanafunzi wangu mmoja, mama fundi cherehani, alilishika hilo kama alivyolikuta. Mwezi uliopita aliitwa kwenye usaili katika karakana moja ya kushona sare za shule. Alipoulizwa kama yuko tayari kwa kazi, alijibu bila kutetemeka, sauti juu kama ninavyowafundisha: "I am too happy to work here." Msimamizi akamkazia macho, akamuuliza, sasa umekuja kufanya nini? Mama wa watu akadhani anaulizwa habari za bidii yake, akatoa sentensi nyingine ya kitabu chenu: "I work hardly." Kazi akapewa mwingine.

Hebu tuzitazame sentensi hizo mbili. "Too" ikitangulia kivumishi, na nyuma yake kukaja "to" na kitenzi, mlango umefungwa: jambo halifanyiki. Yule mama alisema furaha imemzidi hata hawezi kufanya kazi pale. Alichotaka ni "very happy". Na "hardly" si bidii hata kidogo. Kielezi cha "hard" ni "hard" ile ile, "I work hard". "Hardly" maana yake ni karibu na hapana. Kwa maneno mengine alikwenda kujitangaza mvivu. Kanuni yenu ya ukurasa wa 58, kwamba kila kivumishi kikibandikwa "-ly" kinakuwa kielezi chake, ndiyo iliyompeleka huko. Kwa kanuni hiyo hiyo mtu aliyechelewa atasema "I came lately", na "lately" ni siku hizi za karibuni.

Najua mtanijibu kwamba Waingereza wenyewe husema "I am only too happy to help", na maana yake ni kwamba wako radhi kabisa kusaidia. Ni kweli. Neno moja, "only", linaigeuza sentensi yote. Hilo ndilo jambo ambalo mwandishi wa kitabu anapaswa kumwambia mwanafunzi, lakini katika kurasa zenu sikuliona.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya Kiswahili chenyewe. "The bag is too heavy to carry" mmeitafsiri "Begi ni zito sana kubeba". Nani anasema hivyo? Mpagazi wa soko la Owino akishindwa na gunia atakuambia, "Hili halibebeki." Chai ikiwa ya moto, hainyweki. Njia ikijaa matope, haipitiki. Kile kiungo cha "-k-" mwishoni mwa kitenzi, kikiungana na "ha-" ya kukanusha mwanzoni, kinafanya kazi ile ile ya "too ... to". Niliiweka sura yenu pembeni, nikaandika "hainyweki" ubaoni, nikawaambia wakitaka kuisema kwa Kiingereza waseme "too hot to drink". Dakika tano hazikupita, chumba kizima kikawa kinatunga sentensi: ugali usiolika, mlima usiopandika, mwenye nyumba asiyezoeleka.

Hapo hapo mngewaonya kuhusu kosa ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaliangukia upesi. Tumezoea kumtaja mtendwa ndani ya kitenzi: siwezi kuinywa, siwezi kulibeba. Basi mkono unatuwasha kumalizia na "it": "This tea is too hot to drink it." Kiingereza hakitaki. Chai imekwisha kutajwa mwanzoni, nafasi yake baada ya "drink" inabaki wazi. Nilipofungua majibu mwishoni mwa kitabu, zoezi la 9B, namba 4, nikakuta "it" yenu imekaa pale kama mgeni aliyegoma kuondoka.

Kosa hilo halikuishia kwa watu wazima. Mama mwingine alikwenda na nakala yake nyumbani, mwanawe wa Praimari ya Saba akaisomea. Mnajua kwamba katika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, watoto hupewa sentensi mbili waziandike upya kuwa moja, kwa "too ... to" au kwa "enough to". Katika jaribio la shuleni mtoto alijibu kama mlivyomfundisha, akakatwa alama. Kwenye "enough" pia akakatwa, kwa kuwa mmesema kielezi hutangulia kivumishi siku zote: very tall, too tall, "enough tall". "Very" na "too" hutangulia. "Enough" hufuata. Ni "old enough to vote", mwenye umri wa kutosha kupiga kura, ambao hapa Uganda ni miaka 18. Ikikutana na nomino ndipo hupenda kutangulia: "enough money to buy a book". Pengine mwandishi wenu alizichanganya hizo mbili. Mhariri alikuwa wapi?

La mwisho ni ukurasa wa 66, na hapa nitachukua nafasi kidogo kwa sababu ndilo somo zuri kuliko yote katika sura hii, nanyi mmelivuruga. Mmeweka "The tailor is eager to please" na "The customer is easy to please" katika jedwali moja, mkasema muundo ni ule ule. Kwa macho, ndiyo. Lakini katika ya kwanza fundi ndiye anayetaka kuridhisha wengine. Katika ya pili mteja ndiye anayeridhishwa. Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, aliifanya jozi ya "eager" na "easy" kuwa maarufu tangu miaka ya 1960, kwa kuonyesha kwamba sentensi mbili zinaweza kufanana sura zikatofautiana kabisa ndani. Kiswahili hakikubali kufichwa hivyo. Fundi ana hamu ya kuridhisha; mteja, ni rahisi kumridhisha. Lile "-m-" limeshasema kila kitu. Ninyi mmeandika "mteja ni rahisi kuridhisha", na darasa langu zima likaelewa kwamba mteja ndiye anayemfurahisha fundi. Yule mama wa cherehani alicheka, akasema wateja wa namna hiyo hajawahi kukutana nao.

Nilipiga simu ofisini kwenu tarehe 24 Februari. Kijana aliyepokea, mwenye adabu, aliniambia hizo ni tofauti za Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Bwana Meneja, "enough old" haisemwi London wala Chicago.

Naomba mnirudishie shilingi 600,000 kwa namba ile ile iliyolipa, au mchape upya kurasa za 58 hadi 67 pamoja na majibu yake, mnipe nakala 24 za masahihisho bila malipo. Kwa wachapaji wa Nasser Road kazi hiyo ni ya siku moja. Wenye maduka mliowauzia nao wapelekewe, maana kitabu bado kipo sokoni. Nawapa wiki tatu.

Nakala 23 nimezirudisha kwenye boksi lake. Ya 24 nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, sura ya tisa yote, pamoja na majibu ya nyuma. Mkituma mtu wa bodaboda jioni yoyote baada ya saa kumi na moja, nitampa aje nayo.

Wenu,

Mwalimu wa darasa la jioni, Nsambya