Hadithi iandamane na mazoezi

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo lililotusaidia sisi tunaotembea kila siku baada ya sala ya alfajiri hapa Chake Chake. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, lakini wengi wetu huanza kwa pupa na kuacha kabla mwezi mwingine haujaandama. Kundi letu nalo lilikuwa likipukutika vivyo hivyo, hadi bibi mmoja, ambaye magoti humsumbua sana, alipotuitia "Paukwa!" tulipokuwa tukipanda mlima kuelekea Gombani, nasi tukaitikia "Pakawa!" huku tukihema. Hadithi aliikatiza tulipofika uwanjani, binti wa mfalme akiwa bado yumo kisimani, na kesho yake hakuna aliyebaki kitandani. Sharti letu ni moja, nalo naliona la haki: asiyekuja hasimuliwi upya. Nawaomba viongozi wa vikundi vya mazoezi Unguja na Pemba, ambao hutegemea zaidi muziki wa spika, wawape wazee wetu nafasi hiyo angalau siku mbili kwa wiki.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba