Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa vitabu mezani

Ndugu zangu wote, hamjambo. Najua wengi mnasoma hii mkiwa kwa matatu, kwa hivyo mambo ya pesa na paa nitayamaliza haraka halafu niingie kwa ile maneno iliyotukula kichwa mwaka mzima, vitabu vitakatifu kwenye sherehe zetu za kupokea wanachama.

Pesa: mweka hazina atasoma hesabu siku ya mkutano mkuu. Mimi nitasema tu hatudaiwi, na wale hawajalipa ada wanajijua, M-Pesa inafanya kazi hata usiku. Fomu za mwaka zimefika kwa Msajili wa Vyama. Paa la ukumbi lilivuja Aprili, fundi akaja, likavuja tena Novemba, akaja fundi mwingine. Tulizika ndugu wawili, Mungu awalaze pema, na familia zao zilipata mchango wa matanga kabla ya mazishi, si baada kama ile mara nyingine. Basi, hayo yameisha.

Sasa Machi. Kwa wale hawakuwepo, kamati ilikuwa imeamua kwamba sisi ni chama cha watu wa kila dini, na sio vizuri mtu anaingia loji, yaani hiki chama chetu, anakuta Biblia peke yake mezani na anaambiwa weka mkono hapo uape, wakati yeye nyumbani kwake hajawahi hata kuifungua. Nikasema, mimi mwenyewe na sitamsingizia mtu, tuweke vitabu vyote. Nikanunua Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nikaazima msahafu kwa rafiki, Biblia tuko nayo, ile nyeusi kubwa yenye mgongo umeshikwa na selotepu. Meza yetu mnaijua ni ndogo. Basi nikapanga venye mtu hupanga madaftari ya shule: Biblia chini kwa sababu ndio kubwa, juu yake msahafu, juu ya msahafu Gita, na juu ya Gita nikaweka karatasi yangu ya hotuba na miwani.

Nilijiona nimefanya kazi. Kuna mpaka mtu alipiga picha akaweka kwa grupu.

Mzee wetu wa Biashara Street alikuwa amekaa safu ya kwanza. Akaiangalia ile meza muda mrefu, akachukua bakora yake, akaniambia polepole anaenda kuswali Isha. Ilikuwa saa moja na robo, Isha haijaadhiniwa hata kidogo. Nikajua kuna kitu lakini sikujua ni nini, na sherehe ilikuwa imeanza, ikabidi niendelee. Hakurudi. Mwezi wa Aprili hakuja, Mei hakuja, na huyu ni mtu hajawahi kukosa tangu tuanze kukutana hapo.

Nikaenda dukani kwake. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, akaniondolea robota la kitambaa kwa kiti nikakaa, akaitisha chai. Tukaongea habari za mvua na za watoto mpaka chai ikaisha. Ndio akanionyesha na bakora rafu ya juu kabisa, karibu na dari, msahafu umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Akaniambia, "Chairman, hapa chini kuna vitambaa vya bei kuliko hiyo suti yako, na hakuna hata kimoja kinakaa juu yake. Wewe uliuweka chini ya miwani."

Jameni nilitamani kuingia chini ya kaunta.

Halafu akanifundisha, na bila hasira, kitu mimi nilifaa kuuliza kabla. Kwamba msahafu haukai chini ya kitu kingine chochote na hauwekwi sakafuni. Kwamba mtu huushika akiwa na udhu, akanitajia ile aya ya 79 ya Suratul Waqia inayosema hawaigusi ila waliotakaswa, kwa hivyo mimi kuubeba mkononi nikitoka kula mutura sio sherehe, ni kitu kingine. Na kubwa zaidi, kwamba yeye haapi kwa kitabu, anaapa kwa Mwenyezi Mungu, hata hauitishi msahafu ndio neno lake liwe neno. "Mkiuleta, aulete mwenye kuujua. Msipouleta, mimi nitaapa hivyo hivyo. Lakini msiulete kama pambo."

Hiyo neno pambo nilirudi nayo mpaka nyumbani. Kwa sababu ndivyo tulikuwa tumefanya. Tulikuwa tumepamba meza ili sisi tujione wema, na hakuna mwenye kitabu hata mmoja tulikuwa tumemuuliza.

Basi nikaanza kuuliza, mmoja mmoja. Ndugu yetu wa Ngara, yule singasinga, nilikuwa nimemwambia tangu Februari alete Guru Granth Sahib, maandiko yao matakatifu, na alikuwa anacheka tu ananiambia "tutaona chairman". Kumbe alikuwa ananionea huruma. Wale mmesafiri barabara ya Mombasa mnajua gurdwara ya Makindu, hekalu la masingasinga, ile ya tangu 1926 kando ya reli, unavua viatu, unafunika kichwa, unakula chapati na dengu bure na hakuna mtu anakuuliza kabila. Mimi nimekula pale mara nyingi na sijawahi kujiuliza kile kilicho mbele kwenye mito na kitambaa, chini ya dari yake, ni nini. Kwao hicho sio kitabu tu, ndiye Guru, yaani mwalimu wao, tangu 1708 Guru Gobind Singh aliposema baada yake hakuna Guru mwingine ila hayo maandiko. Ina kurasa 1,430, ina mtu wa kuipungia, na usiku inalazwa chumba chake. Na mimi nilikuwa nataka aibebe kwa buti ya Probox tuiweke juu ya meza ya mbao karibu na soda. Akaniambia yeye akitaka kuapa atakuja na gutka, kile kitabu kidogo cha sala, nacho pia kimefungwa kwa kitambaa safi, na atafunika kichwa ambacho tayari kimefunikwa. Imeisha hivyo, dakika tano. Tungeuliza Februari.

Nikadhani kwa Wakristo hakuna maneno. Wapi. Ndugu mmoja mkatoliki akaniuliza mbona Biblia ya loji ni ya vitabu 66 na yake ya nyumbani ni 73, na kwani zile saba zilifanya makosa gani. Alikuwa anacheka lakini alikuwa anamaanisha. Tukakubaliana atakuja na yake. Huyo alikuwa rahisi.

Mgumu, na ndiye alinifungua macho kabisa, ni ndugu wetu wa Vihiga. Yeye ni Mkweka (Quaker), wa kanisa la Marafiki, na mnajua hao wako wengi kule tangu wamishonari wa kwanza wafike Kaimosi 1902. Nilimwambia wewe huna shida, Biblia ni yako. Akasema ni yangu ndio, na ndio maana siapi. Akafungua Mathayo sura ya 5, akaniwekea kidole: msiape kabisa, neno lenu liwe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Sasa mimi nafanya nini? Nimekaa miezi natafuta kila mtu kitabu chake cha kuapia, na hapa kuna mtu kitabu anacho, anakipenda, na kile kimeandikwa ndani ndicho kinamkataza kufanya kile tunataka afanye nacho.

Tulimpokea Julai. Alisimama mbele ya meza, Biblia yake imefunguliwa hapo mbele lakini mikono yake iko kando, haikuigusa. Hakusema naapa. Alisema "nathibitisha, na neno langu ni ndiyo", akanyamaza. Ukumbi ukanyamaza pia, zile feni ndio zilikuwa zinasikika. Mimi nimeona watu wengi wakiapa pale, wengine wakilia, na sijawahi kuamini mtu kama nilivyomwamini huyo.

Sasa najua kuna ndugu hawakufurahia, na wamesema kwa mkutano na kwa grupu na wengine kwangu usiku kwa simu. Hoja yao sio ya chuki, wacha niseme ukweli. Wanasema loji ni kitu cha mapokeo, sisi tulipata Biblia moja mezani kwa waliotutangulia, na kitabu kimoja ndicho kinafanya sisi tuwe kitu kimoja, kila mtu akija na chake tutakuwa kama stendi ya basi. Na mwingine akasema tutahitaji kabati la maktaba. Hiyo ilinichekesha.

Lakini mapokeo yenyewe tuyaangalie. Sisi sio Freemason, ingawa jirani anatuita hivyo na askari wa geti aliwahi kuniuliza ndani ya kitambaa nilichobeba kuna nini (wale wakubwa mnakumbuka 1994 Moi akiunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, tangu hapo kila mlango uliofungwa Nairobi una stori). Lakini mambo mengi ya loji sote tumeyatoa kwa hao Freemason, wale wa jumba la Nyerere Road. Na katiba yao ya kwanza ya London ya 1723 ilisema mtu afungwe tu na ile dini watu wote wanakubaliana, maoni yake mengine abaki nayo. 1938 Freemason wa Uingereza wakaandika wazi kwamba mtu ataapa kwa Biblia ama kwa kile kitabu ambacho imani yake inaona kinatia kiapo utakatifu. India, wakiwa na loji kuu yao tangu 1961, wanafungua vitabu kadhaa kwa pamoja, na wanaweza kwa sababu wenye hivyo vitabu wako hapo wanavishika wenyewe. Sisi tulikuwa na vitabu vingi na mkono mmoja, wangu.

Hata korti. Ukiingia mahakamani leo karani anakuuliza dini gani kabla hajakupa kitu, na ukisema huapi unathibitisha, sheria inakubali. Na hiyo sio mambo ya juzi. 1744 London kulikuwa na kesi ya Omychund na Barker, mashahidi ni Wahindu wa Calcutta, wameapa kwa kugusa mguu wa kuhani wao, na majaji wakakubali ule ushahidi kwa sababu kiapo ni kile kinachomfunga yule anayeapa, sio kile kinachompendeza anayesikiliza. Miaka karibu 300. Na katiba yetu ya 2010 kifungu cha 32 inasema mtu asilazimishwe kufanya kitu kinyume na imani yake. Kwa hivyo stendi ya basi ilianza kitambo.

Tulipiga kura Septemba. Ilipita, ndugu watatu wakakataa na nimeomba majina yao yaandikwe kwa kumbukumbu za mkutano kama walivyotaka. Kuanzia sasa meza inakaa tupu mpaka mtu wa kupokewa aje. Yeye ndiye anasema mwezi mmoja kabla kitabu chake ni kipi, nani atakileta, kinakaa juu ya nini, nani anaruhusiwa kukigusa, na kama anaapa au anathibitisha. Katibu anaandika. Wengine sisi hatugusi. Kitabu kimoja kwa wakati mmoja, wakipokewa wawili wa dini tofauti basi kimoja kinaondolewa na mwenyewe na kingine kinaletwa na mwenyewe, hata kama tutakula saa tatu usiku. Hakuna kitu kinawekwa juu ya kitabu chochote, na hapo najisemea mimi kwanza. Hotuba yangu sasa naishika mkononi.

Ile Biblia ya selotepu iko kabatini. Hatujaitupa na hatutaitupa, ndugu wawili wamejitolea kuipeleka ishonwe mgongo, naomba msilete tena selotepu.

Mzee wa Biashara Street alirudi Oktoba. Hakusema kitu, aliingia na kifurushi, ndani kuna marufaa, kile cha kuwekea msahafu ukisomwa, ya mbao inayokunjwa, imechongwa kingo, na mita mbili za kitambaa cheupe cha meza. Risiti hakuna, nimeuliza. Mweka hazina aiandike kama zawadi.

Limebaki jambo moja ambalo halijaisha na sitaki mseme baadaye hamkuambiwa. Kuna kijana tunafaa kumpokea mwezi ujao, wa Machakos, wengi mshamwona. Nilimuuliza kitabu chako ni kipi, akaniambia hana. Kanisa aliacha, na babu yake alikuwa mtu wa mambo ya Kikamba ya zamani, na huko kiapo ni kithitu, kile kitu cha kuapia cha Wakamba kinachoogopwa, ambacho sio kitu cha kuweka mezani na sio kitu cha kutaja ovyo, aliniambia hivyo na akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu ofisini. Hataki kithitu, anaiogopa. Lakini hataki pia kushika Biblia kwa uongo. Nikamuuliza basi ni nini kinakufunga, ukisema kitu ni nini kinafanya usigeuke. Akakaa kimya, akasema atamuuliza mjomba wake. Amesafiri Ijumaa, akirudi katibu atawajulisha kwa grupu, na sherehe iko palepale au itasogezwa kulingana na atakachosema.