Biti ya almasi haichapishwi kama karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi niongezee makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mashine za leza zinazojenga vifaa vya chuma tabaka juu ya tabaka. Mwandishi alisema hata biti za almasi za kuchorongea miamba sasa zitachapishwa kama karatasi. Mimi ni mchorongaji kwa miaka 19, Geita na Kahama, na biti hizo ndizo zilizosomesha watoto wangu. Nimefurahi gazeti kuligusa jambo hili, ila hapo kwenye karatasi sikubaliani.

Biti ni kama kikombe kilichotolewa kitako. Mdomo wake una chenga za almasi zilizoshikwa ndani ya metali, mara nyingi unga wa tangsteni, metali ngumu sana, uliounganishwa kwa aloi (mchanganyiko) ya shaba. Almasi hizo hazitoki mgodi wa Mwadui. Ni za kiwandani, zinazotengenezwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, ufundi ambao kampuni ya General Electric ya Marekani iliutangaza mwaka 1955.

Leza kazi yake ni kuyeyusha unga wa metali, na almasi iliyomo ni kaboni tupu. Kwenye hewa huanza kuungua joto likikaribia nyuzi 800 hivi, wakati shaba yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Kobalti, metali nyingine inayotumika kushikia almasi, ni hatari zaidi: ikishapata moto huivuta ile kaboni na kuigeuza grafiti, kitu kilekile cha ndani ya penseli. Biti ya penseli haichorongi kitu. Ndiyo maana kazi hufanyika ndani ya agoni, gesi isiyounguza kitu, leza ikipita haraka, na chenga zikiwa zimevikwa koti jembamba la metali ya titani. Koti hilo lina faida ya pili. Shaba iliyoyeyuka haishiki almasi, hukaa juu yake kama tone la maji kwenye jani la magimbi; titani ndiyo inayoshika pande zote mbili.

Kuna tatizo jingine ambalo anayeshika biti kila siku hulielewa mara moja. Mashine nyingi hutandaza unga wa unene mdogo kuliko unywele, lakini chenga zetu hufika karibu nusu milimita. Utatandazaje changarawe kwenye tabaka la vumbi? Ama utumie almasi ndogo zaidi, ama mashine inayopuliza unga kwenye mwali wa leza na kujenga tabaka nene. Na hapo napo, kwa kuwa almasi ni nyepesi kuliko shaba, hutaka kuelea kwenye metali iliyoyeyuka badala ya kutawanyika sawasawa.

Pamoja na hayo naitetea njia hii, na sababu yangu niliipata shimoni. Mwaka 2014 tulikuwa kwenye mwamba wenye matabaka ya chuma na mawe ya kwatzi. Biti mpya ilikwenda mita 11 ikaacha kula. Tukaipandisha, mdomo unang'aa kama kioo. Kijana mmoja akasema mwamba ni mgumu, tutafute biti ya metali ngumu zaidi. Ni kinyume chake. Mwamba mgumu wa chembe ndogo unataka metali laini, inayolika mapema ili almasi butu zidondoke na mpya zitokeze. Metali ngumu ni ya miamba inayokwaruza kama mchangarawe. Stoo ilikuwa na aina moja tu, iliyoagizwa miezi kadhaa nyuma kwa ajili ya eneo jingine kabisa. Tulipunguza maji na kuongeza uzito ili kuinoa, huku tukiogopa kuiunguza. Tulipoteza siku nne.

Hapo ndipo leza ingetufaa: kutengeneza biti chache kwa mwamba fulani, ulaini wa metali ukibadilika ndani ya mdomo mmoja, na njia za maji zikipinda ndani kwa umbo ambalo kalibu ya tanuru, inayotumika kutengeneza biti za kawaida, haiwezi kulitoa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo vyetu vya uhandisi: msisubiri mashine. Anzeni na biti zilizokwisha. Kambini huishia kwenye pipa la vyuma chakavu, na hakuna anayeandika zilichoronga mita ngapi, kwenye mwamba gani, wala zilikufaje. Ikatwe moja katikati, iwekwe chini ya hadubini, ionekane kama almasi ziling'oka nzima au zilisagika. Anayetaka kuchagua metali ya kuyeyusha kwa leza ataanzia hapo.

Mimi nimeandika tangu mwaka 2009. Nina madaftari manne: namba ya biti, mwamba, mita, kasi, maji, na ilivyoonekana ilipotolewa. Biti 26 ninazo nyumbani, kila moja na karatasi yake. Chuo kitakachozihitaji kipite kwako, Mhariri, nami nitazipakia kwenye basi kwa nauli yangu.

Mchorongaji,
Geita