Barua ya malalamiko: rangi za chambo zisizolingana na lebo

Uyole,
Mbeya.

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: RANGI NYEUSI NA NYEKUNDU ZA KUTENGENEZEA CHAMBO BANDIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa chambo bandia cha plastiki laini hapa Uyole. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa ndoano wa Kyela na Matema, wanaomfuata samaki aitwaye mbasa Ziwa Nyasa na kwenye midomo ya mito. Mbasa anakula usipa, samaki wadogo kama dagaa, kwa hiyo chambo kinachotoka sana kwangu ni cha kuiga usipa: tumbo jeupe la kumetameta, mgongo mweusi na doa jekundu shavuni. Nyeusi na nyekundu nilichukua kwenu, na chupa zote mbili zimeandikwa "kwa plastisoli, hustahimili joto".

Plastisoli, ambayo ndiyo ninayomimina kuwa chambo, ni chembe za plastiki ya PVC ndani ya mafuta ya kulainishia, na haiivi vizuri mpaka ikaribie nyuzi 175. Rangi yake inatakiwa iwe imesagwa ndani ya mafuta ya aina hiyohiyo. Tone la kwanza la nyeusi yenu lilipogusa plastiki ya moto lililipuka kama maji kwenye karai la maandazi, likaniunguza mkono. Chambo kilichotoka kwenye kalibu kilijaa vitundu. Ukikivuta kidogo kinakatika. Nikadondosha tone jingine kwenye glasi ya maji ya bomba, likatawanyika lote, maji yakawa meusi. Kwenye mafuta ya kulainishia lilijikusanya chini, na nilipokoroga halikuchanganyika. Hiyo ni rangi ya maji, hata lebo iseme nini.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa huduma kwa wateja (mpole, simlaumu) alinishauri nipunguze moto. Nikipunguza, plastiki inabaki mbichi na kuchanika ndoanoni. Nikizidisha ili maji yakauke, inageuka manjano, kisha kahawia, na moshi wake una gesi ya asidi inayochoma pua na kifua. Sasa nipunguze mpaka wapi?

Nyekundu ndiyo iliyonitia hasara zaidi. Haikuruka, ilichanganyika vizuri, na wekundu wake ulinifurahisha. Nikafunga mzigo, ukapanda basi kwenda Kyela, ambako joto si la Uyole. Baada ya siku chache mteja akanitumia picha: doa la shavuni limetambaa, tumbo lote limekuwa pinki, na vyambo vyeupe vilivyokuwa pakiti moja navyo vimeambukizwa. Rangi ya chembe hukaa ilipowekwa. Hiyo yenu ni ya kuyeyuka, nayo huhama pamoja na mafuta ya kulainishia, kutoka chambo hadi chambo. Siikatai rangi ya namna hiyo, inafaa kwa chambo cha rangi moja kinachofungwa peke yake. Ila mnunuzi aambiwe, na kwenye lebo yenu hakuna hata neno. Imenibidi kurudisha pesa za watu, na wavuvi wa Matema sasa wananitania kuhusu usipa wa pinki.

Naomba mnirudishie bei ya chupa zote mbili pamoja na gharama ya kuzisafirisha. Naomba pia karatasi ya maelezo ya kila rangi mnayouza: kama ni ya maji au ya mafuta, ya chembe au ya kuyeyuka, na joto lake la mwisho. Unga wenu wa lulu, ule wa kumetameta, hauna tatizo, huo nitaendelea kuuchukua.

Chupa bado ninazo na naweza kuzituma kwa basi mzikague wenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, lebo na picha nitazipeleka Tume ya Ushindani.

Wenu,
Fundi chambo, Uyole