Pigo la paladini wako

Swahibu yangu,

Barua yako nimeipata. Nilicheka mwanzoni, kisha nikaona kumbe umeukasirikia kweli mchezo wetu wa kuigiza mashujaa kwa dadu, toleo jipya la Dungeons & Dragons ya 2024. Unasema kitabu kipya cha kanuni kimemkata mikono paladini wako, yule shujaa wa upanga na nguvu takatifu, na kwamba wewe hubanduki kwenye kile cha 2014 hata kurasa zake zichanike. Nimekawia kujibu kwa sababu wiki nzima nimekuwa nikivisoma vyote viwili, kanuni kwa kanuni.

Nianze na pigo lako takatifu, maana mengine najua utayaruka. Zamani upanga ukishampata adui, ulichoma nafasi ya uchawi (akiba yako ya uchawi, inayohesabika) papo hapo na madhara yakaongezeka. Hukupoteza kitendo chochote, na ukimpata mara mbili kwenye zamu moja, ulichoma mbili. Sasa pigo hilo limegeuzwa uchawi kamili unaokula kitendo cha ziada, kile kidogo unachopata kimoja tu kando ya kitendo chako kikuu, kwa hiyo ni moja tu kwa zamu. Mchawi wa upande wa pili anaweza kulibatilisha, na kwa kuwa uchawi huu hutamkwa, ukinyamazishwa, huna pigo. Kuponya kwa kuwekea mikono nako kumehamishiwa kwenye kitendo cha ziada. Zamani kulikula kitendo kizima, kwa hiyo hapo umefaidika, ila huwezi kuponya na kuchoma kwa zamu moja.

Sasa tupige hesabu. Paladini wa ngazi ya 5 ana nafasi 4 za daraja la kwanza na 2 za daraja la pili. Kwa kanuni za 2014, hizo 2 unaweza kuzimwaga zote katika zamu moja: dadu 6 za pande 8, wastani wa 27, mbali na madhara ya upanga wenyewe. Kwa kanuni mpya, zamu hiyohiyo inakupa dadu 3, wastani wa 13.5. Inauma, sibishi. Lakini nafasi zako bado ni zilezile 6, na juu yake unapewa pigo moja la bure kila baada ya mapumziko marefu. Ukihesabu siku nzima ya mapambano, hujapungukiwa na kitu. Ulichonyang'anywa ni kasi.

Na hapa sina budi kukuungamia jambo. Miaka yote hii, mimi msimamizi wa mchezo ninayewaendesha maadui, nimekuwa nikiwaongezea mazimwi uhai, yaani alama zinazopungua wakipigwa, kwa siri, kwa sababu yako. Lile joka jekundu ulilolimaliza kwa 20 ya wazi, namba ya juu kabisa ya dadu ya kushambulia, meza nzima ikasimama na kupiga kelele, uhai wake niliuandika mara mbili ya ule wa kitabuni. Nisingefanya hivyo, lingekufa kabla mchawi wetu hajapata hata zamu yake ya kwanza. Ninyi mkishangilia, mimi nyuma ya pazia langu la kadibodi nilikuwa na penseli na raba. Kwa hiyo ukiniambia kanuni mpya imekudhulumu, mimi naona imefanya hadharani nilichokuwa nikikifanya gizani.

Mpiganaji wetu, yeye anasherehekea. Miaka kumi zamu yake imekuwa "napiga, napiga tena, nimemaliza". Sasa silaha zina umahiri wa aina 8: nyingine inamsukuma adui nyuma, nyingine inamwangusha chini, nyingine inamuumiza hata ukimkosa. Wasiwasi wangu ni huo wa kuangusha, kwa sababu kila akimpata adui, mimi narusha dadu kuona kama adui atajiokoa asianguke, na meza yetu unaijua ilivyo nzito kwenda. Suala la nyongeza za sifa kama nguvu na wepesi kutoka kwenye asili ya mhusika, yaani maisha yake ya awali, badala ya jamii aliyozaliwa nayo halinisumbui hata kidogo. Nisichokipenda ni shambulizi la kuvizia. Zamani aliyeshtukizwa alipoteza zamu yake ya kwanza, sasa anapata tu taabu kwenye dadu inayoamua nani aanze. Saa nzima ya kunyata kwenye majani, halafu malipo yenyewe ni hayo?

Ila usiniambie haya ni ya 2008 yamerudi, mwaka toleo la nne la mchezo lilipotoka. Toleo hilo lilivunja nyumba likajenga nyingine, na waliobaki na lililotangulia, la 3.5, walipata makao kwenye Pathfinder, mchezo wa kampuni nyingine uliojengwa juu ya kanuni hizo, mwaka 2009. Hata toleo la tatu, la 2000, lilitikisa zaidi: waliozoea kwamba namba ya kinga, ile inayoonyesha ulivyo mgumu kupigwa, ikishuka ndiyo bora waliamka siku moja wakakuta imepinduliwa. Safari hii visa vya zamani bado vinachezeka juu ya kanuni mpya.

Najua pia hasira yako haikuanzia kwenye upanga. Ilianza Januari 2023, wachapishaji walipotaka kubadilisha leseni huria iliyodumu tangu 2000, ile inayowaruhusu wengine kutunga na kuuza vitu kwa kanuni za mchezo. Walirudi nyuma, na mwezi uleule wakaziweka kanuni za msingi chini ya Creative Commons, leseni ya wazi ambayo yeyote anaweza kuitumia. Kama hilo halijakutosha na hutaki kununua, sitakushawishi. Kitabu changu kimoja kinatosha meza nzima.

Ninachoomba ni hiki. Kampeni tuliyonayo, hadithi yetu ndefu ya mezani, tuimalize kwa kanuni za 2014, hakuna kubadilisha farasi katikati ya mto. Lakini usiku mmoja tu, niandikie paladini wako wa ngazi ya 5 kwenye karatasi mbili, moja kwa kila kitabu. Nitalileta lile joka jekundu, tupigane nalo mara mbili. Na uhai wake nitauandika kwenye karatasi katikati ya meza, kwa wino, kabla dadu ya kwanza haijarushwa.

Ni mimi,
Msimamizi wako mwenye raba