Cheti cha Shafii

Zuhura shoga yangu,

Salamu baadaye, nikianza na mama na watoto karatasi itaisha. Mwajuma kaniambia Shafii kakombwa kijiweni kwenye msako wa Panya Road, yale magenge ya vijana, na baba yake eti anataka akae huko huko ashike adabu. Mwambieni mahabusu ya wakubwa haifunzi adabu, inafunza kazi ya wizi.

Sasa sikiliza. La kwanza, umri. Hawa watoto wakiulizwa usiku kituoni hujiongezea miaka waonekane madume, au askari anakadiria kwa urefu. Ikishaandikwa 19 kwenye hati ya mashtaka, anapelekwa mahakama ya watu wazima, na kuligeuza hilo ni kazi kwelikweli. Nendeni leo leo na cheti cha kuzaliwa. Hakipo? Kadi ya kliniki, au barua ya shule yenye tarehe yake ya kuzaliwa. Toeni nakala, halisi isibaki mezani kwa mtu.

Ana 15, sivyo? Angekuwa chini ya 10 asingeshtakiwa kabisa. Kwa umri wake atashtakiwa, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kesi husikilizwa faragha, mzazi na afisa ustawi wa jamii wakiwepo. Kwa Dar, mahakama ya watoto iko Kisutu. Akikosa dhamana akae mahabusu ya watoto Upanga, siyo gereza la Segerea. Na dhamana haiuzwi, asiwadanganye mtu! Ila wakiandika unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana ya polisi isahauni.

Halafu afisa ustawi atakuja kuuliza anaishi na nani, anasoma wapi, tabia zake, aiandikie mahakama taarifa. Hapo ndipo namwogopa shemeji, baba yake. Akitamka tu "huyu kanishinda", ameshamfungulia njia ya Irambo, shule ya maadilisho, Mbeya huko. Nauli ya kumtembelea atatoa nani, yeye na hiyo bodaboda mbovu?

Mmefika Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi, au mnazungushwa kaunta tu? Kosa lililoandikwa ni lipi hasa? Kahojiwa peke yake, kasaini chochote? Mtoto wa kina Chande kaachiwa? Na cheti kiko kwako au bibi yake kakifungia kwenye sanduku Mbagala? Kama kiko kwa bibi, nitumie ujumbe sasa hivi, Mwajuma akakichukue kabla ya jioni.

Wako,
Asha